Siku Niliyojipaka Jipsamu Mbele ya Kina Mama wa Karen

Niseme mapema ndiyo msijifanye mmeshtuka baadaye: kuna kipindi nilitembea hapa Nairobi bila ndevu na karibu bila nyusi, uso kama yai la kuchemsha, na kila aliyeniuliza nilimwambia ni moto wa gesi ulinirukia nikipika chapati. Watu walinipa pole. Mama mmoja wa kanisani alinisifu kabisa, eti ni waume wachache siku hizi wanaosaidia jikoni. Basi ukweli ni kwamba hakukuwa na gesi wala chapati (chapati sijui hata kukanda), kulikuwa na mimi Musembi, kwa mikono yangu miwili, mchana kweupe, mbele ya kina mama waliovaa vizuri huko Karen, nikijipaka jipsamu usoni huku nikitabasamu. Ndiyo, jipsamu. Hiyo hiyo ya dari.

Mimi nafanya kazi kwenye duka la unga wa mawe, kichochoroni, ukitoka River Road, katikati ya wapiga chapa na gesti moja ambayo wageni wake hawapendi kusalimiwa. Watu wakisikia "unga wa mawe" wanacheka, lakini ngoja nikuulize, umepiga mswaki leo? Ile dawa ya meno ina chokaa ya mawe iliyosagwa laini. Mtoto umempaka poda? Hiyo ni talki, jiwe laini kuliko yote, unaweza kulikwaruza kwa ukucha. Dirisha lako la kioo ni mchanga wa kwazi ulioyeyushwa, magadi ya kulainisha githeri yanatoka ziwani kule kwenye joto, na chumvi ya mayai yako ya asubuhi ni sodiamu na klorini, vitu viwili ambavyo kila kimoja peke yake kingekumaliza, lakini vikioana vinakuwa chakula. Haya yote nimeyajulia kwenye kaunta, kwa sababu wateja wanauliza na bosi wangu, Mzee Gurdev, hapendi mfanyakazi anayejibu "sijui".

Mzee Gurdev ni Singasinga, amezaliwa hapa hapa mjini, Kiswahili chake kinapita changu kwa kasi, na ndevu zake ni nyeupe, ndefu, zimetunzwa kama bustani ya ikulu. Nawaambia habari za ndevu zake kwa sababu na mimi nilikuwa na zangu. Jamani, nilikuwa na ndevu! Nyeusi, nene, zimeshikana kutoka sikio hadi sikio, na ndizo peke yake zilizonifanya nionekane mtu mwenye maoni. Mzee alikuwa akinitazama asubuhi anasema, "Musembi, hiyo ndevu inakuja vizuri," na hiyo ndiyo ilikuwa sifa pekee niliyowahi kupata kwake tangu aniajiri.

Sasa kukawa na kikundi cha kina mama wanaotengeneza sabuni, mafuta ya kujipaka na vitu vya uso, mkubwa wao akiitwa Madam Nduta, mwenye nyumba kubwa Karen na sauti inayolingana nayo. Wakampigia Mzee, wanataka mtu wa kuja kuwaeleza ni madini gani yanafaa ngozi, yametengenezwa na nini, na wayatumie vipi, kisha wakipendezwa watakuwa wananunua kwetu kila mwezi. Mzee akaniita.

"Enda wewe," akasema. "Unajua kuongea. Ukirudi na hao wateja, hii kaunta utaisahau, utakuwa mtu wa kutembea nje. Ukiwapoteza, basi, kaunta iko, hakuna mtu ameiba."

Nilitamani kazi ya kutembea nje kuliko nilivyotamani kwenda mbinguni (Mungu anisamehe), maana kaunta ile haina dirisha na jioni nikikohoa natoa rangi nyeupe.

Hapo ndipo nilipofanya ule uamuzi mdogo ulioniharibia kila kitu. Unga wetu unakaa kwenye magunia, na gunia limeandikwa ubavuni herufi kubwa, hata kipofu angepapasa akajua. Lakini mimi nikawaza, utaenda Karen na vifuko vya plastiki vimefungwa kwa uzi kama mtu anayeuza njugu? Nikachukua chupa za glasi za jemu ambazo mke wangu Mumbua alikuwa ameweka, nikaziosha, nikajaza kila chupa unga wake: kaolini, talki, jipsamu, chokaa ya mawe, maika inayometameta, na ule mwekundu wa madini ya chuma. Nikafunga vifuniko utepe. Nikarudi nyuma nikatazama, nikaona kweli mimi nina jicho la urembo.

Zilibaki karatasi za majina. Mwandiko wangu ni mbaya, kuku anakwaruza vizuri zaidi, kwa hiyo nikaenda kwa jirani yetu wa kupiga chapa aniandikie majina kwa herufi za kupinda pinda. Nikakuta foleni ya watu wa matanga na watu wa harusi, wote wana haraka, na jamaa akaniambia nirudi baadaye. Teksi ilikuwa imeshafika, inapiga honi, mkokoteni unaitukana. Nikasema, ah, kwani mimi ni mgeni wa haya mawe? Nimeyavuta kwa pua miaka yote hii, nitashindwa kuyatambua kwa macho? Nikazitia zile chupa ndani ya katoni, nikapanda, twende.

(Jambo moja la kujua kuhusu kaolini, talki, jipsamu na chokaa: zote ni unga mweupe. Zote. Ukizipanga kwenye chupa za jemu ni kama kupanga mapacha wanne waliovaa sare.)

Huko Karen walikuwa wameweka viti uani, chini ya hema jeupe, meza imejaa sambusa na juisi, nyasi zimekatwa mpaka nikaogopa kuzikanyaga. Walikuwa wengi, wote wamejirembesha. Karibu yangu kabisa aliketi Bi Nalini, mama wa Kihindi mwenye duka la sabuni, mpole, ana kalamu mkononi na miwani puani, na nikajua huyu ndiye atakayeuliza maswali.

Nilianza vizuri, siwezi kujinyima haki yangu. Nikawaambia kwamba rangi nyekundu ya midomo mingi ni madini ya chuma yaliyoungana na oksijeni, yaani ndugu wa kutu, na ule mng'aro wa machoni ni maika, jiwe linalobanduka ngozi ngozi kama kitunguu. Wakacheka. Madam Nduta akamwambia jirani yake, "Kumbe asubuhi yote nimekuwa nikijipaka kutu," na hema lote likavunjika kwa kicheko, nami nikahisi kaunta ya River Road inazama nyuma yangu kama nchi ya kigeni.

Nikanyanyua chupa moja. "Hii sasa, mabibi, ni jipsamu," nikasema. "Jiwe la kalsiamu na salfa na oksijeni, lenye maji ndani yake. Ukilichoma, maji yanatoka, unabaki na unga. Ukiuongezea maji tena, ule unga unakumbuka! Unayanywa maji yake, unapata joto, unarudi kuwa jiwe. Ndiyo tunapamba nayo dari, na ndiyo hospitalini wanafungia mfupa uliovunjika. Kwa uso hapana, jamani, hata siku moja." Nikaizungusha ile chupa kati yao waitazame. Wakaishika kwa ncha za vidole, wakaipitisha haraka haraka, wengine wanafuta mikono.

Ile chupa ilikuwa kaolini. Kaolini safi, ya ngozi, isiyomdhuru hata mtoto mchanga.

Halafu nikanyanyua ya pili. "Na hii ndiyo malkia. Kaolini. Alumini, silika na maji, udongo mweupe, mpole, unavuta mafuta na uchafu bila kukwaruza. Nataka mmoja wenu ajitolee nimpake, dakika chache tu, anaosha, anatoka mpya."

Wote walikuwa wamepaka vipodozi vya asubuhi nzima, nani angeviharibu? Wakatazamana, wakatazama sambusa.

"Si ujipake wewe mwenyewe?" akasema Madam Nduta. "Tuone vile inakaa."

Hapo ningesema nina mzio. Ningesema chochote. Lakini nilikuwa nimelewa kicheko cha watu, mnajua vile mtu akichekewa vizuri anakuwa mjinga, nikachukua bakuli, nikamimina unga, nikatia maji, nikakoroga mpaka ikawa kama uji wa mtoto, nikaanza na paji la uso, nikashuka mashavuni, puani, nikiacha macho na mdomo. Nyusi nilizipitia juu. Ndevu nilikuwa nimekusudia kuziacha, nawaapia.

"Na wenye wako na ndevu?" akauliza mama mmoja wa nyuma. "Bwana yangu ako na ndevu, ngozi ya chini inamwasha."

"Inafaa zaidi!" nikasema. Na nikachota mkono mzima, nikaupaka ndevuni, nikausugua mpaka chini kwenye mizizi, ili aone. Nilichobaki nacho bakulini nikampaka Bi Nalini kidogo nyuma ya mkono, maana alikuwa amenyoosha mkono kwa adabu kama mtu anayeomba chumvi.

Nikaendelea kuhubiri. Baada ya muda kidogo nikahisi joto. Si joto la jua, joto la ndani, kama vile uso wangu umewekewa chai. Akili ya kawaida ingesimama hapo ikajiuliza: Musembi, ni unga gani ulisema unapata joto? Wewe mwenyewe, kwa kinywa chako, sasa hivi? Lakini kinywa changu kilikuwa mbele ya akili kama kawaida. "Mnaona," nikawaambia, "imeanza kufanya kazi. Nasikia joto. Hiyo ni sumu inatoka." Wakaitikia kwa vichwa. Wawili waliandika.

Joto likazidi. Mashavu yakaanza kubana. Nikitaka kutabasamu, tabasamu linakataa, linafika nusu linarudi. Sauti yangu nikaisikia imekuwa ya mtu anayeongea ndani ya mtungi.

Bi Nalini akainua mkono wake. Nikadhani ana swali. Akautazama, akaugeuza, kisha polepole, bila ubaya wowote, akaugonga mezani. Ko. Ko. Ko.

"Ndugu yangu," akasema, "hii mkono yangu imekuwa jiwe."

Sijui kama mmewahi kuhisi damu ikitoka usoni huku uso wenyewe umefungwa. Madam Nduta alisimama, akaja, akanigonga shavuni kwa kucha, na kucha ile ilikuwa ndefu, ikalia kama inagonga sahani.

"Si ulisema ile ya dari ni ile ingine?" akauliza.

"Nilisema," nikajibu, midomo peke yake ndiyo inatembea.

"Basi ile ya dari iko kwa uso yako."

Nikakimbilia bomba la uani nikajimwagia maji, na kila tone lililogusa kile kitu lilikuwa la bure, maana jipsamu ikishaganda haina habari na maji tena, imeshashiba. Nikaingiza vidole pembeni nikavuta. Ndevu zote zikavuta pamoja nami. Nilipiga ukelele ambao mbwa wa nyumba ya tatu waliujibu. Bi Nalini yeye alikunja ngumi tu, kile kipande kikapasuka kikadondoka, ngozi chini yake safi, akaonekana hata anasikitika kwamba imemwia rahisi namna ile. Mkono wake hauna nywele, mimi uso wangu ulikuwa msitu.

Nikataka kumpigia Mzee. Simu yangu inafunguka ikiona uso. Niliishika mbele yangu, ikanitazama, ikakataa. Nikaishika tena. Ikakataa tena, na sidhani nilikosea kuona kwamba iliniogopa. Nikatafuta namba za siri kwa vidole vyenye magamba, zikanitoka kichwani zote.

"Wacha simu," akasema Madam Nduta. "Ingia gari. Tunaenda hospitali."

Na hapa nimshukuru, kwa sababu mwanamke yule angeweza kunifukuza na katoni yangu. Alichukua ufunguo wa gari lake kubwa, akaendesha mwenyewe, na kwa kuwa kila mtu alitaka kuona mwisho wa jambo hili, wengine watatu wakaingia, Bi Nalini akiwemo, na mimi katikati yao kiti cha nyuma kama sanamu inayohamishwa. Kwenye Barabara ya Ngong msongamano ukatukamata. Muuza miwani akaja dirishani, akainama, akaniona, akaondoka bila kusema bei. Mtoto kwenye gari la pembeni alinitazama, akafungua mdomo, akaufunga, akajificha chini ya kiti. Kila tuliposonga kidogo nikajiambia, angalau hakuna mtu anayenijua.

Mimi naishi Woodley. Mnajua Woodley iko wapi. Tulipofika pale karibu na njia ya kwetu, tukasimama kabisa, na kwenye ukingo wa barabara, amebeba sukumawiki, amesimama Mama Ndinda, mweka hazina wa kanisa letu. Akaangalia gari. Akaangalia wale kina mama. Akaniangalia mimi, shati langu analolijua, macho yangu anayoyaona kila Jumapili, na uso wa mzimu. Nikainua mkono kumsalimu. Sijui kwa nini nilifanya hivyo. Yeye akapiga ishara ya msalaba, na sisi si Wakatoliki.

Hatukuwa tumepita mzunguko unaofuata simu ikalia, na kupokea hakuhitaji uso. Ni Mumbua.

"Musembi," akasema kwa ile sauti yake ya chini, ile ambayo ni afadhali angepiga kelele. "Nimeambiwa umeonekana kwa gari kubwa na wanawake wanne, umepakwa majivu. Mmeingia dhehebu gani?"

"Si majivu. Ni jipsamu."

"Kwa nini unaongea hivyo? Wamekupatia nini?"

Madam Nduta akaniomba simu, akasema, "Mama, usijali, bwanako tuko na yeye, tunampeleka hospitali, uso umeganda tu." Kwa nia njema kabisa alisema hivyo. Mumbua akauliza ni hospitali gani, akakata.

Kwenye chumba cha dharura nikaketishwa benchi moja na watu waliovunjika. Mmoja, kijana wa boda aliyefungwa mguu mzima, akanitazama kwa huruma ya mtu wa ukoo mmoja.

"Buda, kwani wewe ulianguka na uso?"

Nikamwambia ndiyo. Ilikuwa rahisi.

Nesi akaniita, mama mwenye haraka, hakuinua macho kwanza. "Umeumia wapi?"

"Usoni."

"Hiyo plasta uliwekewa hospitali gani?"

"Nilijiwekea."

Akainua macho. "Ulijiwekea kwa nini?"

"Ya urembo."

Aliweka kalamu chini polepole, akatoka nje ya pazia, nikasikia kicheko cha watu wengi wanaojaribu kukizuia, na kicheko cha kuzuiliwa ni kibaya kuliko cha wazi. Aliporudi alikuwa na wenzake wawili waliokuja kusaidia (hawakusaidia chochote). Lakini mikono yake ilikuwa mizuri. Akanipaka mafuta pembeni pote, akaniwekea vitambaa vya maji ya uvuguvugu, akaniambia nina bahati sana kwamba niliacha macho na kwamba asubuhi nilikuwa nimejipaka mafuta, maana wako watu ambao jipsamu nene imewaunguza ngozi vibaya, na hiyo si hadithi ya kucheka. Hapo niliogopa kweli. Mpaka wakati ule nilikuwa nimeona aibu tu, sikuwa nimefikiri kwamba ningeweza kumuunguza mtu mwingine. Nilimfikiria Bi Nalini alivyonyoosha mkono wake kwa adabu, nikamfikiria yeyote kati ya wale kina mama kama angejitolea nilipoomba, na machozi yakanitoka, yakapita juu ya jiwe yakadondoka shatini.

"Pole," akasema nesi. "Sasa hii ndevu."

"Ndevu vipi?"

"Siwezi kutoa jiwe nikaacha ndevu. Chagua moja."

Akaingiza mkasi chini ya ukingo, krr, krr, krr, akizikata kwenye ngozi kidogo kidogo kutoka sikio hadi kidevu. Mimi nikafumba macho kama mbuzi. Upande wa juu, nyusi ya kulia ilikubali kukatwa nusu, ya kushoto ikaondoka nzima na jiwe lake, na nilipofumbua macho kitu kile kilikuwa kimelala kwenye sinia, uso wangu wenyewe kinyume nyume, na ndani yake zimeota ndevu zangu zote.

Pazia likafunguliwa akaingia Mzee Gurdev. Madam Nduta ndiye aliyempigia. Nilisimama nikijua kwamba kazi imeisha, nikaanza kueleza mambo ya chupa za jemu, utepe, foleni ya wapiga chapa, vyote vikitoka kwa pamoja. Hakunisikiliza. Alikuwa ananitazama kidevu. Akasogea, akanishika bega, na macho yake yakawa na maji.

"Ndevu yote?" akasema. "Musembi, hata ndevu?"

"Yote, Mzee."

Akageuka akatazama sinia, akakaa kitini, tukawa kama watu wawili matangani. Kisha akasema, "Mimi nimeona mtu amemwagikiwa na jipsamu kwa viatu. Nimeona kwa nywele. Nimeona mtu amekanyaga ndoo akatembea nayo mpaka stendi. Lakini kujipaka mwenyewe, mbele ya watu, na kuwaambia ni sumu inatoka…" Akashindwa. Mabega yakaanza kutikisika, nikadhani analia, kumbe anacheka, anacheka mpaka kilemba kinatikisika, na nje ya pazia Madam Nduta na wenzake, ambao walikuwa wamejizuia tangu Karen, wakaachilia. Hata kijana wa boda alicheka, na hakujua ni nini.

Mzee akavua skafu aliyokuwa ameivaa shingoni akanifunga kidevuni kwa mikono yake. "Upepo utakuuma," akasema. "Hujazoea."

Mumbua alifika tukiwa tunatoka. Alikuja na hasira yake yote, ameifunga vizuri kama mzigo, akanitazama, akamtazama Mzee, akawatazama wale kina mama, na mzigo ukamwanguka. "Kwani hii ndiyo sura niliolewa nayo?" akauliza, maana nilimwoa nikiwa na ndevu. Nyumbani ilikuwa vivyo hivyo. Binti yetu mdogo, ambaye kila jioni hunikimbilia mlangoni, alisimama akanikagua, akamwambia mama yake kuna mtu. Nilipoongea akalia zaidi, kwamba huyu mtu ameiba sauti ya baba. Alikubali kukaa pajani mwangu siku nyingi baadaye, na hata hapo alikuwa ananigusa kidevu kwa kidole kimoja, akikirudisha haraka.

Kina mama wa Karen walinunua. Nadhani walinionea huruma, au labda siku ile walijifunza habari za jipsamu kwa namna ambayo hakuna mwalimu angewafundisha, lakini wakatoa sharti kwamba mzigo uje na Mzee mwenyewe, na Musembi akija aje kula sambusa tu. Kwa hiyo kaunta bado iko, kama Mzee alivyosema, hakuna mtu ameiba, na mimi nyuma yake.

Nimeapa mambo mawili. La kwanza, sitawahi tena kumwambia mtu kwamba joto analolisikia ni dalili nzuri. La pili, unga mweupe siuamini tena kwa macho, hata nikiwa nimeutoa mwenyewe kwenye gunia. Mteja akija akataka kaolini ya uso, nampa kiti. Nachota kijiko kimoja, natia maji kwenye kifuniko, nakoroga, nakiweka kaunta katikati yetu, na tunakaa tunakitazama sote wawili. Juzi jamaa mmoja mwenye haraka zake alichoka.

"Bosi, sasa tunangoja nini?"

"Tunangoja ijitambulishe," nikamwambia. "Kaa chini."